Fundi wa Treni ya Kupinduka

Faradji ana ulimi mkali, mji mzima wa Kasongo unajua. Karakana yake ya kuchomelea vyuma iko jirani na soko, na akianza kufoka hata wauza mihogo hushusha sauti. Watu husema ni jeuri ya mtu aliyetembea. Wanasema wasilolijua.

Miaka kumi na moja alifanya kazi Afrika Kusini, kwenye bustani ya michezo, akitunza treni ya chuma iliyopanda juu, ikajipindua kichwa chini miguu juu, kisha ikarudi na watu wake wakicheka. Aliporudi nyumbani akaisimulia, wakamwita mwongo: watu wageuzwe hewani wasimwagike? Hilo halikumuudhi sana. Lililomkera ni lile ambalo hakulisimulia.

Kiwanda kilikuwa kimeacha kuunda treni za aina ile, na vipuri, piesi kama wanavyoziita Kasongo, havikupatikana tena. Kila asubuhi Faradji aligonga vyuma vyote kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia vizuri. Chenye ufa hujibu kama chungu kilichopasuka. Siku moja ekseli ikajibu vibaya. Bosi akasema foleni ni ndefu, weka sahihi kwamba treni ni salama. Akaweka. Kabla ya adhuhuri ekseli ilikuwa imekatika, na msichana mmoja amepoteza mguu.

Tangu hapo hachomelei chuma kabla hajakigonga, na waendesha pikipiki humcheka.

Leo Serge, anayebeba abiria hadi Kabambare, alileta pikipiki yake akitaka kubaniwa kibebeo kilicholegea. Gunia la Soraya lilikuwa limeshafungwa nyuma. Soraya ni binti pekee wa Faradji. Kesho anaanza kufundisha Kabambare, nafasi aliyoisubiri miaka miwili, na Serge ndiye wa kumpeleka. Faradji akagonga fremu chini ya tangi. Ikajibu kama chungu. Akakwangua rangi, akauona ufa.

"Choma tu kidogo, papa, twende," Serge akasema. "Ajali haina kinga."

Damu ikamchemka Faradji. Msemo wa wavivu huo! Kinga ipo sana, ila inataka mtu mmoja akatae. Akachukua msumeno wa chuma, akaanza kuikata fremu mbele ya watu. Serge akamshika mkono, akasukumwa pembeni. Soraya akalia kwamba direkta wa shule atampa mwingine nafasi yake, baba hakugeuka. Msumeno haujafika nusu, fremu ikakatika yenyewe, na gunia likaanguka vumbini.

Serge akapiga kelele kwamba pikipiki imevunjwa na wazimu wa treni ambayo haipo.

Faradji akaweka msumeno chini. Kwa mara ya kwanza akawaambia habari ya ule mguu, na ya sahihi yake.

"Ile treni ilikosa piesi, hakuna mutu alikuwa anazitengeneza tena," akasema. "Sasa huyu mutoto wangu, piesi yake nitaitafuta wapi?"