Mapera ya Baba Furaha

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, nilipompokonya baba yangu kipande cha muhogo kilichokuwa tayari mkononi mwake, mbele ya mgeni wake. Babu yako alifuta vidole kwenye suruali taratibu, kama mtu aliyekutwa na kosa, akatazama ukuta.

Nakuita mwanangu ingawa tumepishana miaka tisa tu. Neno hilo nimelifikiria siku mbili kabla ya kuliandika, maana mimi ni mtu wa kufikiria kila kitu mpaka kinichoshe. Lakini kwetu Arua mtoto wa dada yangu ni mtoto wangu, na wewe ndiye utakayebaki na babu yako hapa Makindye, Kampala, nitakapokwenda Mbarara kuanza kazi. Jiko nakuachia wewe. Ukutani, juu ya meza ya vyombo, utaona alama nne za gundi. Hapo palikuwa na karatasi yangu. Nataka ujue karatasi hiyo ilisema nini, na ilimfanya nini mzee wetu.

Mwaka niliomaliza chuo, babu yako alipimwa kliniki. Muuguzi akasema sukari yake imeanza kupanda na uzito umezidi. Hakumkaripia. Alimwambia tu atembee, apunguze mafuta na sukari, na aangalie vile vitu vya kutafuna kati ya mlo na mlo. Babu yako akanigeukia palepale.

"Si wewe ndiye umesomea chakula? Toa amri sasa. Mimi nafuata."

Alikuwa polisi ujana wake wote, na amri aliijua. Mimi nilikuwa na shahada ya lishe na sina kazi, na hilo ndilo lililoniponza. Nilitaka angalau mtu mmoja duniani aone kwamba nilisoma kitu. Nikasoma tena, usiku na mchana, kwenye simu, nikaandika orodha ya vitafunio visivyonenepesha: matufaha, maziwa ya mgando yasiyo na sukari, lozi, vitu vingine ambavyo hata mimi nilikuwa sijawahi kuvionja. Nikaibandika ukutani. Kisha nikaenda hadi Ntinda, kwenye supamaketi, nikazunguka kati ya rafu nikishika kitu na kukirudisha, mpaka mlinzi akaanza kunifuata. Nilitoka na pakiti moja ya biskuti zilizoandikwa kuwa ni za watu wanaopunguza mwili. Nyumbani niligeuza pakiti nikasoma nyuma. Sukari ilitajwa ya pili, mara tu baada ya unga.

Pensheni ya babu yako ni ya unga, maharage, mkaa na kodi ya nyumba. Matufaha hayamo. Kwa hiyo nikatoa uamuzi ambao wakati ule niliuona wa kitaalamu: kama hatuwezi kununua vitafunio vinavyofaa, basi nyumba hii isiwe na vitafunio kabisa.

Sikumfikiria Baba Furaha.

Baba Furaha alikuwa fundi cherehani, Mkongomani wa Bukavu, aliyekimbilia hapa na familia yake. Cherehani yake ilikaa kwenye kibaraza cha duka, nyumba nne chini yetu. Kila siku saa kumi alasiri alikuja na futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akaketi kwenye benchi letu, wakanywa chai na babu yako. Na chai haikuja peke yake. Hapa Kampala unajua watu hukiita eskoti, kile kinachoisindikiza chai: kipande cha muhogo, kiazi kitamu, siku nyingine chapati. Chai isiyo na eskoti ni chai kavu, na chai kavu mtu huinywa peke yake, hampi mgeni.

Walizungumza Kiswahili, mmoja cha kambi ya polisi, mwingine cha Kongo, na kazi yao kubwa ilikuwa kutaniana.

"Nyinyi Wakongo," babu yako angeanza, "munasikia harufu ya mafuta kutoka Bukavu."

"Na nyinyi mapolisi, afande, chai munaisikia hata ikiwa kwa jirani."

"Kaa chini, wewe. Suruali yangu iko wapi?"

"Iko kwa mashine. Nipunguze kiuno ama nikuongezee kitambaa? Tumbo lako halijaniambia linaenda upande gani."

Suruali hiyo ilikuwa ya kijivu, ya Jumapili. Baada ya maneno ya muuguzi babu yako aliipeleka kwa Baba Furaha apunguze kiuno, ingawa bado ilimbana. Alisema atakonda mpaka imtoshe. Baba Furaha alimpima, akacheka mpaka akakohoa, halafu akaichukua.

Sasa turudi kwenye ule muhogo. Jirani mmoja alikuwa amemletea babu yako sahani ya muhogo wa kukaanga. Nilitoka ndani nikaona kipande mkononi mwake, moyo ukanipiga kana kwamba ameshika sumu. Nikakichukua. Nikachukua na sahani.

"Afande amekamatwa!" Baba Furaha akasema, akitaka tucheke.

Hakuna aliyecheka. Nikaleta vikombe viwili vya chai bila sukari, bila kitu kingine. Babu yako akavitazama.

"Mgeni anywe kavu?" aliniuliza kwa Kilugbara, ili mgeni asisikie. Lakini uso wake ulieleweka kwa lugha zote.

"Baba, muuguzi alisema."

Baba Furaha akainua kikombe. "Chai ni chai, afande. Kwanza tamu." Akainywa yote, harakaharaka, akaaga.

Kesho yake, kabla ya saa kumi, babu yako aliingia chumbani akaniambia mgeni akija niseme amelala. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Afadhali anikose kuliko anikute sina kitu cha kumpa."

Mwanangu, hapo ndipo mtu mwenye akili angetulia. Mimi nilifurahi. Niliona kuwa mgeni asipokuja, kishawishi kimepungua. Nikasimama mlangoni nikamwambia Baba Furaha mzee amelala. Kesho yake nikasema vilevile. Siku ya tatu aliniuliza.

"Dada, afande anaumwa?"

"Haumwi."

"Basi nilimukosea kitu?"

"Hapana, amelala tu."

Simu ya babu yako iliita jioni hiyo. Aliona jina, akaiweka kifudifudi juu ya kitanda mpaka ikanyamaza. Nilimwona. Nikarudi jikoni.

Siku ya nne Baba Furaha hakuuliza. Alinipa mfuko wenye mapera sita, ya manjano, yanayonukia mpaka ndani. "Ni ya afande. Mwambie nilikuja." Alisimama kidogo kama mwenye neno jingine, akashika futi yake kwa mikono miwili, kisha akaondoka.

Nitakwambia nilichofanya na mapera yale, na usinicheke. Niliyaweka mezani nikaanza kujiuliza kama pera lina sukari kiasi gani. Nikasoma. Mmoja aliandika ni tunda zuri kwa mtu wa sukari, mwingine akaandika awe mwangalifu. Nikatafuta wa tatu wa kuwaamua. Nikajiuliza kama kula na mbegu ni sawa, kama asubuhi ni bora kuliko jioni, kama nusu inatosha. Nikasema nitaamua kesho. Siku zikapita. Siku nilipoamua kwamba pera moja kwa siku halina shida, niliyakuta yamelainika na nzi wadogo wanazunguka juu yake. Nikayatupa. Babu yako hakujua kwamba rafiki yake alimletea kitu, kwa sababu mimi niliogopa akijua atayala.

Mwisho wa mwezi tulirudi kliniki. Nilikuwa nimejiandaa kusifiwa. Uzito ulikuwa umepanda.

Muuguzi alinitazama, mimi nikamtazama babu yako, babu yako akatazama viatu. Nilipata jibu siku ileile, nilipopita kwa mama anayekaanga mandazi karibu na stendi ya boda.

"Nnyabo, mzee wako ni kastoma wangu siku hizi," alisema, akiniita bibi kwa Kiganda. "Anakula matatu, manne. Lakini mbona hakai? Namwambia kaa, mzee, hapa kuna kiti. Anakula amesimama, anaangalia barabara, kama mwizi."

Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye lile benchi. Hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho nilikiona kila siku na sikukitia maanani. Babu yako na Baba Furaha hawakuwahi kula kipande kizima kila mmoja. Kilikuwa kipande kimoja. Babu yako alikikata katikati, akatazama kipi ni kikubwa, akakisukuma kwa mgeni. Baba Furaha alikirudisha. Wakabishana. Nusu ya chapati iliwachukua saa nzima, kwa sababu kila mmoja alikuwa na maneno mengi kuliko njaa. Nilisoma miaka mitatu juu ya vipimo vya chakula, na kipimo kilikuwa kimekaa kwenye benchi letu na futi shingoni. Mimi ndiye niliyekifungia mlango.

Nikaamua kwenda kumwomba radhi. Lakini mimi ni yule yule: niliandika maneno kwenye simu nikayafuta, nikaandika mengine. Nilitaka yasiwe marefu wala makavu. Nikasubiri Jumapili. Jumapili nilichemsha malenge pamoja na maganda yake na karanga zikiwa kwenye maganda, nikafunika sahani kwa kitambaa, nikashuka.

Kwenye kibaraza hakukuwa na cherehani. Chumbani kwa Baba Furaha alitoka mwanamke nisiyemjua, naye Mkongomani, akifunga kanga.

"Wale wameenda, dada. Alhamisi. Walikuwa wanangojea miaka mingi ile safari ya wakimbizi ya kupelekwa kuishi ng'ambo. Walipewa siku, wakaenda wote, na watoto." Akaingia ndani akatoka na kitu kilichokunjwa vizuri. "Wewe ni wa kwa afande? Aliacha hii."

Ilikuwa suruali ya kijivu.

"Alisema alitaka kumuaga mwenyewe, wakiwa wamekaa," mwanamke aliendelea. "Alisema habari kama ile haiachwi mlangoni. Alienda mara nyingi. Akaniambia, mwambie afande sijui nilimukosea nini, lakini anisamehe."

Namba yake ilikuwa imezimwa, na imezimwa mpaka leo.

Nilimpa babu yako suruali na nikamweleza yote, mapera nayo, bila kupunguza. Alisikiliza. Akaigeuza suruali ndani nje, akapitisha kidole kwenye kiuno. Kilikuwa kimepunguzwa kwa mshono mdogo mdogo, safi, lakini kitambaa kilichozidi hakikukatwa. Kilikunjwa ndani. "Ameacha nafasi," babu yako alisema, "kama ningeshindwa." Akaingia chumbani. Mimi nilibaki na malenge yangu yakipoa.

Sasa yapo haya, mwanangu, na nakuomba uyashike. Babu yako asikae na njaa kati ya mlo na mlo, maana njaa ndiyo itakayompeleka kusimama kwenye mandazi. Na usiende Ntinda. Nenda sokoni hapa chini. Malenge ya kuchemsha, kipande cha ukubwa wa kiganja, kinamtosha na ni rahisi. Matango na karoti ununue fungu, uyakate, umkamulie ndimu. Mapera yakiwa katika msimu wake, moja, ale siku ulipolinunua. Karanga mchemshie na maganda, konzi moja tu, kwa sababu kumenya kunachelewesha mdomo. Muhogo si adui. Uuchemshe badala ya kuukaanga, na uwe nusu. Muuguzi akisema tofauti na mimi, msikilize muuguzi.

Lakini nusu hiyo isiwe ya kwenye sahani yake peke yake. Kaa naye. Hilo karatasi yangu haikulisema. Kila saa kumi anakata kipande katikati, anatazama kipi ni kikubwa, na kwa muda mfupi sana mkono wake unaelekea upande wa benchi usio na mtu. Kisha atakusukumia wewe. Mrudishie. Bishana naye kidogo, hata kama huna njaa. Na mtu yeyote akija, hata kama nyumbani mna karoti moja, mkatieni karoti hiyo. Usimwambie mtu mlangoni kwamba babu yako amelala ilhali yuko macho.

Na ukipewa kitu kizuri, usikifikirie mpaka kioze.

Amepungua, utaona. Suruali ya kijivu sasa ingemtosha. Imetundikwa nyuma ya mlango wa chumba chake, na nilipomwomba aivae siku ya mahafali ya binamu yako alikataa. Alisema fundi hajaja kuangalia kama imekaa vizuri. Usimlazimishe. Ipigie pasi tu, na usiufumue ule mshono.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kugawa na akili inayojua wakati wa kunyamaza. Akulinde na hofu iliyonitawala mimi. Na mtu wa kukurudishia nusu kubwa asikosekane kwenye benchi lako, siku zote za maisha yako.