Sufuria Iliyojibu Hodi

Mwalimu wangu wa mapishi aliacha nyama nikiwa bado msichana, wakati ambapo hapa Ruiru kuacha nyama kulionekana ugonjwa. Walimcheka, eti anatulisha kama mbuzi. Wacha wacheke! Yeye alizidi kutufunza nyuma ya kanisa: maharagwe meusi ya njahi, uyoga, mchicha wa terere kwa simsim. Na hakuna aliyeruhusiwa kufunua sufuria kabla ya kugonga kifuniko kwa mwiko. "Kwani kwa watu mnaingia bila hodi?" alikuwa akituuliza.

Alipolazwa hospitalini Thika alinishika mkono. "Siku ya kunizika, nyama isipikwe. Utapika wewe." Nikamwahidi. Nilimpenda yule mama kuliko ninavyoweza kusema.

Siku ya mazishi niliinjika githeri ya mahindi na maharagwe uani, nikaenda kaburini. Kifungua mimba wake alibaki kuangalia moto. Huyo hakuwahi kugusa chakula cha mamake tangu aote ndevu.

Tuliporudi niligonga kifuniko mara mbili. Ndani kukagongwa mara mbili.

Ngai! Nikagonga tatu. Kukajibiwa tatu. Wanawake wakarudi nyuma, mmoja akaanza kuomba. Nilifunua, na katikati ya mahindi nikaona mfupa wa ng'ombe, mkubwa kama ngumi.

"Auntie, watu wametoka Juja, wametoka Mwiki," yule kijana wake alisema, macho chini. "Nitawapa maharagwe matupu? Na nani angejua?"

"Si huyo tumetoka kumzika, mjinga wewe!"

Niliimwaga githeri yote nyuma ya nyumba. Mbwa wa boma walikuja mbio, wakanusa, wakaondoka mikia katikati ya miguu. Kijana aliona. Alivua koti, akaisugua sufuria mwenyewe kwa majivu.

Tulikuwa na njahi zilizochemshwa. Nikazikaanga kwa vitunguu, nikafunika. Zilipoiva nilimpa mwiko.

"Bisha wewe."

Aligonga mara moja. Tukangoja. Kutoka ndani, mahali ambapo hapakuwa na mfupa wowote, kukagongwa mara moja, polepole.

Sitasahau uso wake. Mwanaume mzima, na suruali yake ya suti, alipiga magoti kwenye majivu.

"Mami, tumeutoa," alisema kwa sauti ndogo. "Haki tumeutoa. Nisamehe."

Sufuria ikanyamaza. Alijipakulia sahani ya kwanza, akala njahi za mamake akilia, akaniuliza kama kuna zaidi.