Saa Nane ya Mwikali

Mwikali ndiye aliyetengeneza kiolezo cha ujumbe wa simu pale kliniki ndogo ya macho Mumbuni, na kusema kweli alijiona fundi. Wazee walikuwa wakisoma "8:00" wanafika saa nane mchana, basi akaweka makro, programu ndogo ya kompyuta, ya kutoa sita na kuandika saa ya Kiswahili. Mambo yakawa safi.

Lo! Rodgers, karani mpya, akajaza orodha ya upasuaji vile anavyoongea. Saa mbili asubuhi akaiandika 2:00. Makro haina akili ya kuuliza. Ikatoa sita tena, ikazunguka saa hadi nane, na wagonjwa wote wakaambiwa waje saa nane.

Asubuhi daktari mgeni kutoka Nairobi akakuta mabenchi matupu. Mwikali alifungua ujumbe mmoja, akaliona kosa. Kati ya walioitwa saa nane alikuwemo mamake, Syokimau, kule Wamunyu, ambaye mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili. Na daktari angeondoka saa sita, kurudi ni mwakani.

"Si ungeijaribu kwanza!" Rodgers akafoka.

"Na wewe si ungeuliza!"

Wote wawili walistahili bakora, lakini bakora haileti wagonjwa. Wakashika simu. Wengine walikuwa shambani, wengine hawapatikani. Mamake akapokea.

"Mwaitu, panda gari sasa hivi! Usingoje chai!"

Wa karibu wakaanza kuingia chumba cha upasuaji, mmoja mmoja. Mwikali alisimama mlangoni akitazama barabara. Jua lilikuwa karibu utosini Mzee Ndeti alipoletwa na mkewe kutoka Athi River, naye haoni kitu. Hajakaa vizuri, Syokimau akaingia ameshikwa na jirani, kitambaa kimepinda kichwani.

Daktari akatoa kichwa. "Nina nafasi ya mmoja tu. Nani anaingia?"

Mzee na Syokimau wakasogea mbele. Rodgers akamkonyeza Mwikali: mpeleke mama, nani atasema? Kweli, hakuna ambaye angesema. Mwikali alitaka kulia kwa sauti. Akainama, akaushika mkono wa Mzee Ndeti, aliyetangulia.

Syokimau alikuwa amenyoosha mkono wake, anapapasa hewa.

"Mwikali? Umeshika mkono wa nani? Mimi niko huku."

"Najua, mwaitu," akasema, na akaendelea kumwongoza mzee.