Kamba za Kashindye na Vyura wa Pasiansi

Kashindye alikuwa na dharau, na hakuificha. Aliwadharau majirani zake wa Pasiansi, waliogeuka wafanyabiashara wote kwa mpigo, kila baraza genge, kila genge limejaa mitumba. Aliidharau serikali iliyompunguza kazini mwaka 1993, baada ya yeye kuikamatia vyura maabara ya chuo kwa miaka kumi na minane. Kitu kimoja tu hakukidharau: dimbwi la mvua nyuma ya jaruba lake la mpunga.

Dimbwi lenyewe ungeliona ungecheka. Lilijaa mvua za vuli zikianza, likakauka miezi mitatu baadaye, ng'ombe wakapita juu yake. Lakini kila mwaka vyura walitoka vichakani, madume wakikoroma, majike wakipanda matawi yaliyoinamia maji na kutaga mayai ndani ya povu jeupe. Baada ya siku chache povu lililainika, viluwiluwi wakadondoka majini. Humo hamkuwa na samaki wa kuwala, kwa sababu samaki gani atakaa mahali panapokauka?

Kashindye hakuhesabu vyura, alihesabu mapovu. Dume hukoroma hata akikosa mke, kelele zake si ushahidi wa chochote. Kwa kila povu alifunga fundo moja kwenye kamba ya katani, kamba moja kila mwaka, akazitundika juu ya kitanda. Mkewe Sabina alichoka kuwaeleza wageni kwamba si uganga. Kamba ya mwaka 1995 ilikuwa na mafundo sitini na mawili.

Mwaka uliofuata ukaja mradi wa kuhifadhi vyura. Ulikuja mwezi wa Septemba, dimbwi likiwa vumbi tupu, ukiongozwa na Bwana Josephat mwenye shati la mifuko minane. Siku tatu walitafuta vyura kwenye vumbi, na kila siku walikula posho. Siku ya nne wakamfuata Kashindye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee wangu, vyura wanakwisha. Tumepata wawili tu. Wewe mwenyeji unashauri nini?"

Angeweza kusema subirini mvua. Angeweza kuingia ndani akazileta zile kamba. Lakini kumfundisha mtu wa namna ile aliona ni kujishusha.

"Wanakufa kwa kiu," akasema, uso mkavu. "Wachimbieni bwawa lisilokauka. Na samaki muwawekee, wasikae wapweke."

Josephat hakucheka. Aliandika yote, kisha akatoa karatasi. Kashindye akaisaini juu ya goti bila kuisoma, akaendelea kunoa jembe lake.

Jioni alimsimulia Sabina huku akijipiga mapaja kwa kicheko. Sabina hakucheka naye.

"Na wakichimba kweli?"

"Wale? Wale kazi yao ni semina."

Wakachimba, palepale penye dimbwi. Trekta lilifanya kazi siku mbili, likang'oa vichaka upande mmoja, maji yakavutwa kwa pampu kutoka ziwani, wakamwaga perege mia tano. Kashindye alikwenda mbio akipiga kelele. Josephat akamwonyesha karatasi kwa heshima zote.

"Mzee, mbona ni wazo lako mwenyewe? Sahihi yako hii hapa."

Safari hii Kashindye akaisoma, neno kwa neno.

Mvua zikanyesha. Vyura wakaja, maskini, kama walivyozoea. Majike wakagombania matawi machache yaliyobaki, na Kashindye akafunga mafundo kumi na tisa. Siku ya tano mapovu yakaanza kulainika. Chini yake perege walijazana, midomo juu, na kila kiluwiluwi aliyedondoka hakufika majini. Kashindye akaingia hadi kiunoni na beseni la mkewe, akalikinga chini ya povu moja huku akilia kwa hasira.

"Sabina! Niletee beseni jingine!"

"Hakuna jingine, baba. Ni hilo hilo."

Usiku ule akafungua mafundo kumi na manane, akaitundika kamba yenye fundo moja pamoja na zile nyingine. Siku hizi wageni hawaulizi tena habari za uganga. Wanauliza kama ni yeye yule Mzee Kashindye aliyeandikwa kwenye bango la bwawa, na wanampongeza.