Sauti Kwenye Saa ya Mama

Sikulazimishi uamini. Lakini mie ndiye niliyepiga ile simu, mchana kweupe, hapa hapa mtaani kwetu Wazo.

Mama yangu ana maradhi ya kusahau. Jina langu linampotea, nyumba inampotea, na akipata mwanya anatoka kwenda kwao Kigamboni kwa miguu. Tulishamtafuta mara tatu mpaka vituo vya polisi. Nesi wa kliniki akanishauri nimvishe saa ya mkononi yenye laini ya simu: inanionyesha alipo, na nikiipigia inapokea yenyewe. Nakwambia, kile kisaa kilinirudishia usingizi.

Siku hiyo nilikuwa naanika nguo. Kugeuka, geti liko wazi. Nikafungua simu, naona kwenye ramani alama ya mama inaelekea kwenye shimo la zamani la kokoto. Unalijua shimo lile? Ukidondoka huokotwi mzima.

Nikakimbia huku napiga. Ikapokea.

"Mama! Simama hapo hapo!"

Akajibu mwanamke mwingine, taratibu. "Usimpigie kelele, mwanangu, anashtuka. Nimeshamkalisha. Njoo."

Kuangalia, alama imesimama.

Nilimkuta amekaa juu ya jiwe, hatua nne kutoka ukingoni, ametulia kama aliyekuja kupunga upepo. Peke yake. Ng'ambo ya shimo kulikuwa na mzee anagonga kokoto. Nikamuuliza yule mama aliyekuwa naye kaenda wapi.

"Mama gani? Huyu kaja mwenyewe. Namwita, hasikii. Mara kasimama, kama kashikwa mkono, akakaa."

Mama akanitazama. "Dada Siti kanizuia," akasema.

Siti ni mama yangu mkubwa. Tulimzika nikiwa darasa la tano. Hapo nikakaa naye pale jiweni, maana sauti ile nilikuwa nimeshaitambua, nikawa naikataa tu.

Tangu siku hiyo simfokei mama. Getini nimefunga kengele, na majirani wawili wanaiona alama yake kwenye simu zao. Hajapotea tena.

Nawe unayemuuguza mzee wa namna hii, usimfungie ndani kwa aibu. Mvishe saa. Na ukisikia sauti usiyoitarajia, mwamkie kwanza. Mie sikumpa mama mkubwa hata shikamoo. Nimeipigia saa ile mara nyingi sana baada ya hapo, na anayejibu ni mama tu.