Nilimwekea Mama Nadhiri ya Kilomita Hamsini, Sasa Ameacha Dawa

Admin, ficha jina langu na la kanisa letu, mengine yaache yalivyo. Mimi ni kijana wa miaka 22, niko mwaka wa tatu chuoni, naishi Tassia na mamangu. Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Mama ni fundi wa nguo na ana presha ya miaka mingi. Najua wapo watakaosema nimejitakia. Ni kweli, lakini someni mpaka mwisho kabla ya kunitukana.

Muhula huu ulipoanza nilijiandikisha mbio za kilomita hamsini pamoja na rafiki yangu wa darasani anayeishi Donholm. Sikuwa nimewahi kukimbia hata nusu yake. Sisi watu wa magharibi mwa nchi tunajulikana kwa ugali na kuku, mbio tumewaachia majirani zetu wa milimani. Nilikuwa naamka saa kumi na moja asubuhi, nafuata barabara ya Outer Ring mpaka Donholm na kurudi. Mvua ikinyesha na mtaa ukiwa tope, napanda na kushuka ngazi za ploti yetu, jengo la kupanga la ghorofa sita, huku akina mama wanaoanika nguo wakinisonya. Baada ya wiki tatu nilitaka kuacha. Miguu iliwaka moto na darasani nilikuwa nasinzia tu.

Ndipo nikafanya ujanja wa kijinga. Kanisani kwetu, ukitamka jambo wakati wa shuhuda huwezi kulirudisha, kwa sababu kila Jumapili mtu atakuuliza limefika wapi. Nikajiambia, nikisema mbele ya watu, aibu itanikimbiza. Nikasimama, nikasema. Mchungaji akaniuliza kwenye maikrofoni, "Na unamkimbilia nani, kijana wetu?"

Sikuwa na mtu. Nikamwona Mama amekaa mbele na kitambaa chake cheupe, nikajikuta nimesema, "Nakimbia ili Mungu amponye mamangu." Kanisa zima likasema amina. Mchungaji akanipaka mafuta miguuni, akasema hiyo sasa ni nadhiri. Mama alilia mpaka akashikiliwa. Nami, niseme ukweli, nilisikia raha sana.

Tangu siku hiyo sikuruka mazoezi hata mara moja. Mama alinifulia soksi, akawaambia wateja wake wote, akasema hata kichwa hakimuumi tena. Wiki mbili zilizopita, nikitafuta majani ya chai, nikakuta dawa zake za presha, zile nilizomletea mwenyewe kutoka kliniki. Pakiti haikuwa imefunguliwa.

"Baba," aliniambia nilipomuuliza. Ananiita hivyo kwa sababu nilipewa jina la babake. "Wewe unakimbia, mimi nameza dawa ya nini? Si hiyo ni kumwambia Mungu simwamini?"

"Mama, presha haisikiki. Meza tu, tafadhali."

"Wewe maliza yako. Yangu imeshaisha."

Wiki hiyohiyo mguu wangu wa kushoto ukakataa. Daktari alisema mfupa wa chini ya goti una ufa, nisikimbie kwa miezi miwili. Mbio ni Jumamosi ya wiki ijayo. Rafiki yangu alinicheka tu. "Buda, hiyo mguu imeisha. Jitoe, kwani nani atakufa?"

Nilimwendea mchungaji. Alishtuka, akasema hajawahi kumwambia mtu aache dawa, na jioni hiyo akaja nyumbani kuongea na Mama. Mama alimsikiliza vizuri, akampikia chai, akamsindikiza mpaka getini. Aliporudi akaniambia, "Hata watumishi wanajaribiwa imani. Tumwombee."

Nimejaribu kumwambia ukweli, kwamba sikuwa nakimbia kwa ajili yake, kwamba nilitaja jina lake kwa kukosa la kusema. Kila mara naishia kumuuliza kama amekula. Tangu Baba atuache hakuna mtu aliyewahi kusimama mbele za watu akamtaja mamangu kwa jambo zuri, na mtu wa kwanza nilikuwa mimi, na nilikuwa nadanganya.

Nikijitoa, atasema nadhiri imevunjwa, na lolote likimpata atajua limetoka kwangu. Nikikimbia na mguu huu nikaanguka njiani, ni yaleyale. Lakini ninachoogopa zaidi ni kumaliza. Nikimaliza, mamangu hatameza dawa tena maisha yake yote, na hakuna daktari wala mchungaji atakayembadilisha. Jana amenunua kitenge, anajishonea nguo ya kunisubiri nayo pale mwisho wa mbio. Ameniomba nimshikie kioo ajitazame, nikamshikia. Ndugu zangu, dada zangu, nishaurini. Nifanye nini na huyu mama anayeniamini hivi?