Mlinzi wa Geti na Bastola ya Mdogo Wake

Kama hujawahi kumwona mtu anayetafunwa na wivu huku anatabasamu, basi ungemwona Ildephonse mwaka ule wa 2017, alipomsindikiza mdogo wake kununua bastola.

Ildephonse alikuwa mlinzi wa geti kwenye nyumba moja kubwa ya mtaa wa Observatory. Silaha zake zilikuwa rungu, filimbi, na mbwa wa tajiri, mbwa aliyempenda kila mpita njia. Lakini kwa ndugu zake yeye ndiye alikuwa mtu wa usalama. Ukihamia chumba kipya, unamwita aje kukagua kitasa. Ukiporwa simu Hillbrow, unampigia yeye kwanza, polisi baadaye. Naye atakuja, atakunja uso na kusema, "Si nilisema mimi?" hata kama hakusema.

Marcelline, mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa na saluni Malvern, kwenye barabara ya Jules. Wezi walikuwa wamemvamia mara mbili mchana kweupe, wateja wakiwa wamesukwa nusu kichwa. Mara ya pili walimwekea bastola shingoni. Yeye alikuwa na kibali cha ukaazi wa kudumu, kaka yake bado alikuwa na karatasi ya ukimbizi. Na mkimbizi, hata akeshe getini maisha yake yote, hapewi leseni ya bastola.

"Yaya," alisema Marcelline, maana wao wa Bukavu ndivyo wanavyomwita mkubwa wao, "nataka kununua yangu. Nisaidie. Mambo haya unayajua wewe."

Angemjibu nini? Kwamba hajawahi kushika bastola hata siku moja? Alisema, "Hiyo ni kazi ndogo."

Dukani, muuzaji alimpita Marcelline akaenda kumpa mkono Ildephonse. "Tukupe ya aina gani, bosi?"

Ildephonse akaumuka kama andazi. Akanyoosha kidole kwenye kubwa kuliko zote.

"Hiyo ya nini, yaya? Naenda kuwinda tembo?" Marcelline akachukua moja ndogo nyeusi, akaishika kwa wepesi kama anavyoshika kitana. "Hii hapa."

"Mama anajua anachotaka," muuzaji akasema. Tangu hapo hakumtazama Ildephonse tena.

Bastola ikabaki dukani mpaka leseni itoke. Yakaja mafunzo. Ildephonse alikaa nje kwenye benchi akisikiliza milio, hadi mdogo wake alipotoka mbio na karatasi ya shabaha iliyotoboka katikati. "Ona, yaya! Ona!"

"Eish, bahati tu," akasema.

Yeye ndiye aliyetoboa ukuta wa chumba cha Marcelline kufunga sefu, vumbi likimjaa machoni. Yeye ndiye polisi waliyemhoji kama ndugu. Je, Marcelline ana hasira? Ildephonse akakumbuka pasi ya nywele ambayo Marcelline aliwahi kumrushia mumewe. Maneno yakamfika kwenye meno. Akayameza. "Ni mtu wa kanisa," akajibu.

"Na wewe, unayo bastola?"

"Mimi ni mkimbizi."

"Aa," polisi akasema. Ile "aa" ilimkwama kifuani kama mwiba wa samaki.

Leseni ikatoka, bastola ikachukuliwa dukani. Wiki ileile binamu yao Sonia alisikia vishindo juu ya bati, na simu akampigia Marcelline. Marcelline! Ildephonse alipoambiwa, chakula kilimshinda.

Sasa, watu wa kanisa lao hawapati kitu wakakaa kimya. Ukinunua friji, cherehani, hata gari bovu, Jumapili unakwenda mbele na shukrani. Ndugu zako wanakusindikiza wakicheza, unakitaja kitu mbele ya wote, mchungaji anakiombea. Jumamosi Marcelline akasema atapeleka bastola yake, ndani ya mkoba.

Ildephonse alijua vizuri kwamba katika mji huu mwizi huiacha televisheni akafuata bastola. Ukishaitaja, umemwita. Alijua, akanyamaza. Moyoni alisema, acha na yeye aone kuna kitu asichokijua. Kisha likaja wazo tamu zaidi: wezi wakiichukua, tutakuwa sawa.

Jumapili akacheza nyuma ya mdogo wake kuelekea mbele. Ukumbi ulijaa hadi mlangoni, na mlangoni kulikuwa na sura asizozijua. Lile wazo tamu likageuka chungu. Wezi wasingeichukua bila Marcelline kuwemo mle saluni. Akasogea, mabega yakicheza bado.

"Usiitaje," akanong'ona.

"Nini?"

"Hiyo ya mkobani. Wakijua unayo, watakuja kuifuata, na wewe ndani."

"Wivu huo, yaya."

"Ndiyo. Ni wivu. Unanila tangu siku ile ya dukani. Jana nilijua haya na nikanyamaza kwa wivu huohuo. Lakini usiitaje."

Marcelline akasahau kucheza. Tangu azaliwe hakuwahi kumsikia kaka yake akikiri jambo lolote, na kwa hilo tu alimwamini.

Mchungaji Ezéchiel akampa kipaza sauti. "Dada yetu, Bwana amekutendea nini?"

Marcelline akakishika. "Amenipa... amenipa kaka."

"Huyo si tunaye siku zote?" Mama Léocadie wa kwaya akapaza sauti, na ukumbi mzima ukacheka.

"Namshukuru tu. Mwombeeni."

Ildephonse akapigishwa magoti. Mkono wa mchungaji ukatua kichwani pake, maombi yakawa marefu: alinde, naye alindwe. Watu wakafumba macho. Ildephonse alifumba jicho moja. La pili lilikuwa kwenye mkoba wa mdogo wake, ulioning'inia mbele ya pua yake, na wivu ulikuwa haujapungua hata chembe.